Wimbo mpya wa K-pop unatoka: jinsi ya kuusindikiza wiki ya kwanza

Anza na saa. Tangazo likisema 6PM KST, yaani saa za Korea, usitafute kikokotoo. Seoul imetangulia Afrika Mashariki kwa saa sita, na kuhesabu saa kwa Kiswahili nako kunarudi nyuma saa sita, basi namba haibadiliki: 6PM yao ni saa sita mchana kwetu, 1PM yao ni saa moja asubuhi. Angalia tu tiza, zile video fupi za kuonjesha wimbo, za 12AM. Hizo kwetu zinatoka saa kumi na mbili jioni, siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kuna tiza niliyoingojea siku nzima, kumbe ilishatoka jana yake jioni.

Nyimbo nyingi hutoka saa hiyo ya 6PM, jioni ya Seoul, kwa sababu. Zamani zilitoka usiku wa manane. Mashabiki wanakesha wakisikiliza kwa pamoja, taifa zima limelala, na wimbo unaamkia kileleni. Februari 2017 chati za Korea ziliacha kuingiza papo hapo nyimbo za usiku, makampuni yakahamia jioni.

Kabla ya siku yenyewe, jifunze Hangul, maandishi ya Kikorea. Ni herufi 24 za msingi, na wiki mbili za daftari zinatosha kuanza kuzisoma. Nasisitiza hili kwa sababu kampuni hutoa mwongozo wa vibwagizo vya mashabiki, eungwonbeop, ambao mara nyingi umeandikwa kwa Hangul. Pale mwanzoni, ala zikipiga peke yake, mara nyingi mashabiki huita majina kamili ya wasanii, na mara nyingi wanaanza na mkubwa wao. Mimi huandika kila jina kwa kalamu nyekundu juu ya pigo lake la ngoma, kisha naita kwa sauti mpaka lisiteleze. Ukiufahamu wimbo hivyo, huhitaji kusukumwa kuusikiliza.

Sasa kustrimu, yaani kusikiliza na kutazama mtandaoni. Chati ambayo Wakorea wengi wanaitazama ni ya Melon, huduma yao ya kusikiliza muziki mtandaoni, na kuingia humo kama mtumiaji kamili kunadai uthibitisho wa Kikorea. Usinunue akaunti ya mtu. Kuchezea chati kwa ujanja Wakorea wanakuita sajaegi, na sheria yao inakukataza. Msanii ndiye anayebaki na doa. Fanya unachoweza kutoka ulipo: tazama video kwenye chaneli rasmi, sauti ikiwa juu, na uchanganye na nyimbo nyingine. YouTube huchuja utazamaji unaofanana na wa mashine. Kambeki yangu ya kwanza, yaani mara ya kwanza kusindikiza wasanii wakirudi na wimbo mpya, niliwaambia wenzangu kumi na wanane waache video ijirudie usiku kucha bila sauti. Kulipokucha bando zimekwisha, na tulipopigiana simu hakuna aliyekuwa na kiitikio kichwani. Hilo liliniuma kuliko bando. Tangu siku hiyo naomba kila mtu asikilize mara tano tu akiwa macho, kisha amtumie rafiki mmoja ambaye si shabiki.

Nakala za albamu za kushikika zinahesabiwa na chati mbili za Korea, Hanteo na Circle; hii ya pili iliitwa Gaon hadi 2022. Mauzo ya wiki ya kwanza, chodong, yanaangaliwa sana. Nunua moja kwenye duka linaloripoti kwenye chati hizo, inatosha. Kununua kumi kwa ajili ya kupata kadi moja ya picha ya msanii iliyomo ndani siungi mkono hata kidogo.

Kisha vipindi vya televisheni vya Korea vinavyoshindanisha nyimbo kila wiki: M Countdown Alhamisi, Music Bank Ijumaa, Show! Music Core Jumamosi, Inkigayo Jumapili. Mshindi anapatikana kwa kujumlisha usikilizaji, mauzo, kura na mengineyo, na kila kipindi kina mizani yake. Kwa M Countdown kura zinapigwa kwenye programu ya Mnet Plus. Fungua akaunti mapema, maana dirisha la kura hufungwa bila kukungoja. Wimbo ukishinda, usizime. Subiri msanii aimbe tena mwishoni, kombe mkononi, huku akilia. Hapo ndipo sauti yake halisi inaposikika.

Wiki ya kwanza ikipita, wengi wanafuta orodha zao na kuhamia wimbo mwingine. Wewe bakiza. Kundi la wasichana la Brave Girls walitoa Rollin' Machi 2017, ukapita kimya. Februari 2021 mtu aliweka YouTube video iliyounganisha vipande vyao wakiimba kambini mbele ya wanajeshi, wanajeshi wenyewe wakiitikia kila mstari kwa nguvu zote. Ndani ya wiki chache wimbo ule wa miaka minne ulikuwa kileleni mwa Melon na ukashinda Inkigayo. Wakorea wanaita kurudi huko yeokjuhaeng. Kwa hiyo hifadhi kipande kizuri cha jukwaani, na kila mwezi mtumie mtu mmoja ambaye hajawahi kukiona.