Jinsi ya Kusajili Chama cha Wanafunzi Katika Shule ya Sera za Umma Marekani

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sera za umma, MPP, ana miaka miwili tu chuoni, na katikati yake kuna likizo ndefu ambayo wengi huitumia kwa mafunzo kazini ya wiki kumi hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayoua vyama vingi. Mtu anafika Agosti, anahangaika na takwimu na uchumi hadi Desemba, wazo la chama linamjia Februari, fomu zinakamilika Aprili, na Mei mwenyekiti mtarajiwa anahitimu. Kwa hiyo ninyi mnaotaka chama cha sera za Afrika Mashariki, anzeni muhula wa kwanza, hata kama mko watano tu, na kila karatasi iandikwe kwa ajili ya mtu atakayeipokea baada yenu.

Kabla ya fomu yoyote

Angalieni kilichopo. Vyuo vikubwa vina daftari la vyama mtandaoni; UC Berkeley, ambako ndiko iliko shule ya sera ya Goldman, daftari hilo huitwa CalLink. Tafuteni pia vyama vilivyolala. Kufufua chama ambacho kina katiba na jina tayari ni kazi ndogo kuliko kuanzisha kipya. Na kama tofauti kati ya chama chenu na kile cha Afrika kilichopo haielezeki kwa sentensi moja, jiungeni nacho na muombe kamati ya Afrika Mashariki ndani yake.

Kisha ulizeni mnataka kutambuliwa na nani. Mara nyingi kuna ngazi mbili. Serikali ya wanafunzi ya shule ya sera inaweza kuwapa chumba ndani ya jengo la shule na fedha kidogo za vitafunio. Usajili wa chuo kizima ndio unaofungua kumbi nyingine na mfuko unaotokana na ada za wanafunzi wote. Mahali pengine ngazi ya kwanza haitoi chochote mpaka ya pili ikamilike, kwa hiyo jibu la swali hili mlipate kwa maandishi.

Jina na katiba

Jina la chuo lina mwenyewe. California kuna kifungu cha 92000 cha sheria ya elimu kinachozuia kutumia jina la University of California bila ruhusa. Njia salama ni kuanza na jina la chama na kumalizia na chuo kama mahali mlipo, ili msomaji asidhani ni chuo kinachozungumza. Nembo ya chuo msiiguse kabla ya kupewa ruhusa.

Katika katiba, kifungu cha uanachama ndicho kinachowakwaza zaidi watu wa kwetu. Chama hakiwezi kuandika kwamba wanachama ni Watanzania peke yao, au Waafrika Mashariki peke yao. Ofisi ya usajili itakirudisha, kwa sababu ubaguzi wa uraia au asili hauruhusiwi, na vyuo vingine hutaka kila mwanafunzi anayetaka aruhusiwe kujiunga. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali sharti la namna hiyo mwaka 2010, katika kesi ya Christian Legal Society dhidi ya Martinez. Andikeni lengo la chama kuwa ni sera za Afrika Mashariki, na mlango muuache wazi. Upande wa pili nao una kinga: tangu kesi ya Healy dhidi ya James, 1972, chuo cha umma hakiwezi kukataa kukitambua chama kwa sababu tu hakipendi mawazo yake.

Wekeni pia kifungu cha kukataza unyanyasaji wa wanachama wapya. Msikione ni cha vilabu vya vijana wa shahada ya kwanza tu. Sheria ya nchi nzima iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kutoa taarifa za matukio hayo, na vyama vyote vya wanafunzi vinahusika.

Akidi inahitaji kufikiriwa kwa utulivu. Wengi huandika “nusu ya wanachama wote”. Siku ya maonyesho ya vyama mnajiandikisha watu 60, vikaoni wanakuja 12, na hapo hamwezi tena kubadilisha hata koma ya katiba. Afadhali mwanachama hai awe aliyehudhuria vikao viwili katika muhula, na akidi iwe theluthi ya wanachama hai. Uchaguzi uwe Machi, si Mei, ili viongozi wapya wapate mwezi mzima wa kufanya kazi pamoja na wanaoondoka. Andikeni vilevile fedha zitakwenda wapi chama kikivunjika.

Watia saini, mlezi na fomu

Idadi ya watia saini wa fomu ya usajili hutofautiana chuo kwa chuo, ila angalau wawili wawe wa mwaka wa kwanza. Mlezi awe mwalimu au mtumishi ambaye hatakuwa likizo ya utafiti mwaka unaofuata; muulizeni waziwazi kabla hajakubali.

Fomu yenyewe ni fupi. Kinachoirudisha mara nyingi ni mtia saini mmoja ambaye hajathibitisha jina lake mtandaoni, au hajamaliza mafunzo ya viongozi, au ametumia barua pepe yake binafsi badala ya ile ya chuo. Mtu mmoja apewe kazi ya kuwafuatilia wenzake mpaka wote wamalize.

Fedha

Kama fedha zenu zitakaa kwenye akaunti ya chuo, rukeni aya hii. Mkitaka akaunti ya benki, mnahitaji namba ya mlipa kodi ya chama, EIN, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Haina malipo, tovuti inayodai dola si ya IRS. Kuiomba mtandaoni kunahitaji mhusika mkuu, yaani kiongozi anayejibu kwa niaba ya chama, mwenye SSN (namba ya hifadhi ya jamii) au ITIN (namba ya kodi ya mtu asiye na SSN), na mwanafunzi wa viza ya masomo ya F-1 ambaye hajapata kazi kwa kawaida hana SSN. Asiye nazo hutuma fomu SS-4, ya kuomba EIN, kwa faksi au posta na kusubiri, kwa hiyo mweka hazina mwenye SSN huokoa wiki kadhaa. Msitumie kamwe EIN ya chuo. EIN ikitoka, barua ya IRS inayoithibitisha, CP 575, itunzwe vizuri, maana haitolewi mara ya pili. Ikipotea mtaomba barua 147C, ambayo ni uthibitisho mbadala. Benki itataka barua ya EIN, katiba, na muhtasari wa kikao kilichowataja wenye saini.

Kiongozi mwenye F-1 anaweza kujitolea bila shida. Ikitajwa posho yoyote, aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa malipo yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi ndani ya kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Mkimwalika mtaalamu kutoka Nairobi au Dodoma na kumlipa, kuna mambo mawili. Akija kwa viza ya B-1, ya ziara ya shughuli za kikazi, chuo kinaweza kumlipa ikiwa shughuli yake hapo haizidi siku 9, na hajapokea malipo ya namna hiyo kwa taasisi zaidi ya 5 ndani ya miezi 6. Pili, kodi: Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo hukatwa asilimia 30. Aliyeahidiwa dola 500 atapokea 350. Mwambieni kwenye barua ya mwaliko, asije akaona ameshushiwa hadhi mbele ya watu.

Chuo binafsi kisicholipa kodi chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi hakiruhusiwi kumpigia kampeni mgombea, wala fedha na jina lake visitumiwe hivyo. Mkiandaa mdahalo wa uchaguzi, waalikeni wagombea wote wa kiti hicho na mtunze nakala za mialiko. Uchambuzi wa sera zao hauna tatizo.

Makabidhiano

Fungueni barua pepe ya chama siku ya kwanza, na nywila zote, katiba, risiti na barua ya EIN zikae humo. Aprili, viongozi wapya waingizwe kwenye mfumo wa usajili kabla ya wa zamani kutolewa. Mkigeuza mpangilio huo, hakuna anayebaki na ruhusa ya kuingia. Usajili huhuishwa kila mwaka, na tarehe yake iwekwe kwenye kalenda ya mwenyekiti mpya. Mhusika mkuu wa EIN akibadilika, fomu 8822-B, ya kuarifu mabadiliko hayo, ifike IRS ndani ya siku 60, la sivyo barua zao zitaendelea kwenda kwa mtu aliyekwisha rudi nyumbani.