Kusoma umbo la peptidi ya mduara ndani ya kiyeyushi kwa NMR

Peptidi ya mduara (mnyororo mfupi wa amino asidi uliofungwa kuwa pete) ikishayeyuka haitulii. Hujikunja na kujikunjua, na spektra ya NMR (mwitikio wa viini vya atomi ndani ya sumaku) unayoipata mara nyingi ni wastani wa yote hayo. Kabla ya kuchora umbo lolote, jiulize: hapa nina umbo moja au mengi?

Hatua ya 1: kiyeyushi. DMSO (dimethili sulfoksidi) huyeyusha karibu kila peptidi, ila hushindania bondi za hidrojeni. Kloroformu huiacha peptidi ijifunge yenyewe kwa ndani. Siklosporini A, peptidi ya mduara, ina umbo moja linalotawala ndani ya kloroformu, lakini ndani ya DMSO ina maumbo kadhaa. Kwa hiyo usitaje umbo bila kutaja kiyeyushi.

Hatua ya 2: hesabu vilele vya NH (hidrojeni iliyoshikwa na nitrojeni ya mnyororo). Vikizidi idadi uliyotarajia, na sampuli ni safi, kuna maumbo yanayobadilishana polepole. Mara nyingi ni mikao miwili ya bondi iliyo kabla ya amino asidi prolini: sisi (cis) na transi (trans). Vikiwa nusu, huenda ni ulinganifu: gramisidini S ina amino asidi 10 lakini huonyesha seti ya amino asidi 5 tu. Kisha zimua sampuli mara kumi. Vilele vikihama, molekuli zinashikana.

Hatua ya 3: ROESY, si NOESY. Yote mawili ni majaribio ya NMR yanayoonyesha hidrojeni zilizo karibu; ishara zake huitwa ROE na NOE. Kwa molekuli ya daltoni 1,000 hivi, NOE huweza kukaribia sifuri. Nimewahi kupoteza usiku mzima wa mashine kwa sababu hiyo. Angalia alama (chanya au hasi) za vilele: vya ROE huwa kinyume na vile vya ulalo wa spektra, vya mabadilishano kati ya maumbo huwa sawa navyo. Ukichanganya hivi viwili, utabuni umbali usiokuwepo. Kwa prolini, Hα (hidrojeni ya kaboni kuu) ya jirani aliyetangulia ikionyesha ROE na Hδ ya prolini (hidrojeni za kaboni ya pete iliyo karibu na nitrojeni) ni transi. Ikionyesha ROE na Hα ya prolini ni sisi.

Hatua ya 4: pandisha joto. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Ndani ya DMSO, pima kuanzia kelvini 298 hadi 323, kila baada ya 5. Tuseme kilele cha NH moja kimetoka 8.42 hadi 8.36 ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha mahali pa kilele): ni 0.06 kwa kelvini 25, yaani 2.4 ppb (sehemu kwa bilioni) kwa kelvini. Iko chini ya 3, basi inaelekea kufichwa au kufungwa na bondi ya hidrojeni. Jirani yake ametoka 8.61 hadi 8.46, yaani 6 ppb. Huyo yuko wazi. Usihamishie kanuni hii kwenye kloroformu: humo hata NH iliyo wazi kabisa huweza kusogea kidogo tu.

Hatua ya 5: soma J (mgawanyiko wa kilele kwa hezi, unaotegemea pembe ya mnyororo) kati ya NH na Hα. Hezi 8 hadi 10 ni mnyoosho. Chini ya 6 mara nyingi ni kona. Kwenye gramisidini S, valini, ornithini na leusini ziko karibu na 9, ilhali D-fenilalanini, iliyo konani, iko chini sana. Zote zikikaa kwenye 7, shuku wastani wa maumbo mengi.

ROE zikipingana, usilazimishe programu itoe muundo mmoja. Ipe kundi la maumbo, kisha uone ni mchanganyiko upi unaozaa umbali na J ulizopima.