Karatasi za kuweka sawa ungali hai

Ukiulizia wosia nyumbani utaambiwa unajiletea uchuro. Ndiyo maana wengi wetu Tanzania huanza kushughulikia karatasi za marehemu baada ya kuanua matanga, na hapo mwenye kuzijua ameshazikwa.

Anza na jina. Kwa niliyoyaona, linasumbua kuliko hata ugomvi wa mashamba. Baba yetu alikuwa Athumani kwenye kitambulisho cha NIDA, Othman kwenye karatasi ya kiwanja, na kazini kwake jina la babu lilitangulia la kwake. Sisi tulijua ni mtu mmoja; wa dirishani hawakujua. Angekuwa hai angekwenda kwa wakili asubuhi moja, akaapa kwamba majina yote ni yake, kiapo kikagongwa muhuri, yakaisha. Alipofariki tukaapa sisi, na kila tulikokwenda tuliulizwa tumejuaje.

Kwa hiyo tandaza mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, karatasi za nyumba, za benki na za mfuko wa hifadhi ya jamii, usome jina herufi kwa herufi. Panaporekebishika, rekebisha. Pasiporekebishika, apa, na nakala ya kiapo ikae na hizo karatasi nyingine. Vya watoto navyo viangalie: tangazo la kizazi ulilopewa hospitali si cheti cha kuzaliwa, hata ulitunze kwenye plastiki miaka ishirini. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na jina la mzazi lililomo liwe lile lile unalotumia kwingine.

Kiwanja kilichonunuliwa kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa kina udhaifu wake: mashahidi huhama, na wengine hutangulia. Kama uwezo upo, fuatilia hati. Kijijini, hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja, na ningekuwa mke nisingekubali vinginevyo.

Kuhusu wosia, si lazima uwe na wakili, lakini mashahidi ni lazima. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika hutaka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua hutakiwa kuwa na wanne, wawili kwa wawili. Hata wa mdomo unahitaji wanne, hivyo lile neno alilomnong'oneza mtoto mmoja wodini halitoshi. Mwislamu anayefuata sheria ya dini yake huusia kisichozidi theluthi, tena kwa asiye mrithi. Kinachobaki kina mafungu yake tayari. Usimkabidhi mtoto mmoja wosia akae nao peke yake, hata awe mwaminifu namna gani, maana wenzake watamtilia shaka. RITA hupokea wosia na kuuhifadhi.

Kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, hakikisha taarifa za wategemezi si zile ulizojaza ukiwa kapera.

Kisha nunua daftari. Andika akaunti, namba za simu zenye pesa (namba ya siri usiiandike), hisa za kikoba, mkopo wa saccos na marejesho yaliyobaki, nani anakudai na nani unamdai. Hawa wa mwisho ndio husahau haraka. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, na bila daftari hiyo miezi humwishia akipiga simu kwa watu wasiopokea.

Weka vyote sehemu moja, pakavu, mbali na mchwa, na waonyeshe watu wawili wasioishi nyumba moja. Sanduku la baba tulilijua lilipo, chini ya kitanda. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti ambalo tayari tulikuwa tumemgawia baba mdogo, naye amesafiri nalo.