SOMO: Kuandaa miguu ya uzeeni kwa kiti, dumu na ukuta

Wakuu, habari za jioni. Naandika hapa mara moja ili anayenifuata PM na "nipe dawa ya kuzuia uzee" nimtumie linki, basi.

Nafanya kazi ya fiziotherapia. Wazee wengi ninaowapokea akili ni timamu na moyo unapiga vizuri, ila kutoka kwenye kochi hadi chooni wanabebwa. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Zinazotangulia kwenda ni nyuzi za kasi, zile za kurusha mguu mbele unapojikwaa. Kijana akijikwaa anayumba. Mzee anakwenda chini mzima mzima na nyonga inavunjika. Hata mwenye miaka 80 misuli yake huitika ikipewa uzito, lakini anayeanza na 45 anaingia uzeeni na akiba.

1. Pima presha. Una maumivu ya kifua au umetoka kufanyiwa upasuaji? Daktari kwanza.

2. Jipime. Kiti kigumu cha kimo cha sentimita 43 hivi, kimeegemea ukuta, mikono umeikunja kifuani. Kwa sekunde 30 hesabu umesimama wima mara ngapi. Miaka 60 hadi 64, mwanamume chini ya 14 au mwanamke chini ya 12 yuko chini ya wastani. Miaka 70 hadi 74 ni 12 na 10. Kochi halihesabiki. Ukijisukuma kwa mikono, andika sifuri.

3. Kukaa na kunyanyuka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole. Watu wanasimama vizuri halafu wanajibwaga kitini pu! Ule mshuko ndio nusu ya zoezi. Shuka ukihesabu moja hadi nne, gusa kiti kwa makalio, kisha panda kwa haraka kidogo, maana zile nyuzi za kasi haziamshwi na mwendo wa harusi. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiingie ndani kukutana. Toa pumzi unapopanda: ukibana pumzi presha inaruka juu ghafla, na mwenye presha asifanye mchezo na hilo. Kiti cha plastiki juu ya tailizi KINATELEZA hata kikiegemea ukuta kwa upande mmoja tu. Weka mkeka wa mpira au tumia cha mbao. Anza mara 8 hadi 12, pumzika, rudia seti mbili au tatu, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Mara mbili za mwisho zisipokuwa ngumu, kumbatia dumu la maji la lita 5. Hilo ni kilo 5. Likizoeleka, la 10. Paja kuuma kesho yake ni kawaida. Goti kuvimba si kawaida, acha zoezi.

4. Shika ukuta, panda kwa vidole vya miguu, shusha visigino taratibu. Mara 12.

5. Simama mguu mmoja karibu na sinki la jikoni, mkono tayari kushika. Lenga sekunde 10, kisha 30. Usifanye ukiwa na soksi.

6. Tembea dakika 150 kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

7. Sahani. Chai na maandazi mawili asubuhi, mlima wa ugali na kijiko cha mboga mchana, hapo misuli haijaambulia kitu. Mwili wa mzee huitikia protini kivivu kuliko wa kijana, hivyo anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, sasa piga hesabu. Maharage, dagaa, maziwa, kuku, gawanya kwenye milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kabla ya kuongeza.

MASWALI

Kahawa Chungu: Mkuu sijasoma yote, kwa kifupi dawa ya magoti ni ipi?

Mleta somo: Namba 3.

Kahawa Chungu: Nina diklofenaki, ile ya maumivu, ndani, nameza kila siku, si inatosha?

Mleta somo: Kila siku? Inapandisha presha na kuumiza figo na tumbo, hasa kwa mtu mzima. Nenda hospitali ukaseme hivyo hivyo ulivyosema hapa.

Mtoto wa Rombo: Bibi yangu kafika 90 bila viti wala madumu. Haya mambo ni ya mjini.

Mleta somo: Bibi alibeba ndoo ya lita 20 kichwani, akapanda mlima, akalima ameinama, na choo chake kilikuwa cha kuchuchumaa. Hilo dumu amelibeba maisha yake yote. Wewe unashuka bodaboda unaingia kwenye lifti.

Bi Tausi: Nina 51, hedhi imekoma mwaka jana. Je, mifupa nayo inafaidika au ni misuli tu?

Mleta somo: Swali zuri sana dada. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo iliyokuwa ikizuia mfupa usimomonyoke haraka. Ikishuka, ndani ya miaka mitano hadi saba ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa, kwa hiyo uko kwenye kipindi chenyewe. Mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo na kuvutwa na msuli, ndiyo maana nasisitiza dumu. Kuogelea ni kuzuri ila hakubebeshi mfupa mzigo. Dagaa wale na mifupa yao, ndiyo yenye kalsiamu. Kama mama yako aliwahi kuvunjika nyonga, mwambie daktari.

Fundi Mpole: Mama ana 68, ana kisukari, akisimama anaona giza. Aanze?

Mleta somo: Bado, ndugu yangu. Mlaze dakika 5 umpime presha, asimame, pima tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, peleka vipimo hivyo kwa daktari pamoja na dawa zake ZOTE kwenye mfuko. Usimwachishe dawa mwenyewe. Anatumia Piritoni za mafua?

Fundi Mpole: Kila usiku, anasema zinamsaidia kulala.

Mleta somo: Ziingie kwenye huo mfuko. Kwa wazee huleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa, na kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba huziba mkojo.

Fundi Mpole: Asante sana. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimfungie na bomba la kushika chooni?

Mleta somo: Tena leo! Lifike usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa, na lingine pembeni ya bafu.

Bi Tausi: Fundi, usifunge skrubu kwenye tailizi peke yake, letu lilitoka na tailizi. Ziingie kwenye tofali.

Fundi Mpole: Naweka bolti ndefu za kupanuka. Lile la bafuni lisiwe chuma tupu, litaota kutu.

Kahawa Chungu: Bei gani hilo bomba, fundi?