Namna ya kukitunza kichwa cha treni ya mvuke kilichostaafu

Reli ya Bububu, yenye urefu wa kilomita 11 hivi, ilianza kazi mwaka 1905 na ikaacha kubeba abiria katika miaka ya 1920, lakini leo ukiifuata njia yake kutoka mjini hukuti kichwa cha treni hata kimoja. Kwa hiyo mimi, fundi wa maboila hapa Unguja, kazi hii nimejifunza kwenye maboila makuukuu ya mafuta ya karafuu kule Pemba, kisha nikaenda kuvikagua vichwa vyenyewe katika makumbusho ya reli Nairobi. Kichwa cha treni, kwa fundi, ni boila lililopandishwa juu ya magurudumu.

Hatua ya kwanza ni daftari, brashi ingoje. Nakili kibao cha mtengenezaji: jina, namba na mwaka. Halafu tafuta namba zilizogongwa kwenye kila kipande, hasa mikono ya chuma inayounganisha magurudumu. Namba iliyofifia isugue kwa chaki, kisha pitisha kitambaa juujuu; chaki itabaki ndani ya mchoro na namba itasomeka. Usishangae ikitofautiana na ya kibao, kwani karakana zilikuwa na desturi ya kuhamisha vipuri kati ya injini za aina moja, na tofauti hiyo ni sehemu ya historia yake. Injini namba 5918 ya Nairobi, iitwayo Mount Gelai, iliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester, ina ndugu zake wa aina moja waliopewa majina ya milima vilevile, na bila daftari ni rahisi kuwachanganya.

Hatua ya pili ni fupi lakini usiiruke. Chini ya bati linalofunika boila huwa mna asibesto. Ukiona kitu cheupe au cha kijivu kinachomeguka, acha hapo hapo, usikiguse wala kukifagia, umwite mtaalamu wake.

Hatua ya tatu ndiyo inayookoa chuma. Toa majivu na masizi yote, maana yakinyonya unyevu huwa asidi inayokula bamba kwa ndani, mahali ambapo mtazamaji anayesifu rangi haoni. Fungua vizibo vya chini vya boila na matangi, maji yatoke, kisha viache wazi. Wakati mmoja niliiziba kabisa dohani ya boila moja kwa bati la kuchomelea, nikijua nimelikinga na mvua; nilipolifungua baada ya masika, kuta zilikuwa zinatoka jasho na kutu imetanda rangi ya kahawa. Siku hizi naivalisha dohani kofia iliyoinuka vidole vinne, pamoja na wavu wa waya, kwa sababu kunguru wetu hawangoji kualikwa.

Ndipo uje nje. Osha chumvi ya bahari kwa maji baridi ya bomba, kausha, piga brashi ya waya, na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani kwetu chuma kilicholala uchi huamka kimebadilika rangi. Usipige mchanga kwa mashine, utazifuta namba. Mikono ya magurudumu ipake grisi, si rangi.

Paa hushinda rangi yoyote, na kokoto chini ya mataruma huzuia maji kutuama. Rudi kabla ya masika na baada yake: ingiza kidole katika tundu la chini la tangi, na kikitoka kikavu, andika tarehe.