Kutu kwenye gari kuukuu ya Zanzibar: anzia chini ya kapeti, usianzie kwenye rangi

Juzi nimemaliza kumsaidia mtoto wa ami yangu na Noah yake. Viti vya nyuma ameving'oa, anapakilia mwani kutoka Paje. Alikuja na lengelenge moja dogo juu ya tairi la nyuma, akitaka lisuguliwe na kupigwa rangi. Tulipofunua kapeti, kizingiti cha mlango wa upande ule kilikuwa kishaoza. Naandika haya kwa sababu gari nyingi za huku zinakufa hivyo: rangi inang'ara, bati limekwisha.

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa. Chumvi ndiyo inayoharakisha, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo baina ya sehemu mbili za bati moja. Tena chumvi huvuta unyevu. Hewa ikishafika unyevu wa asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi inayeyuka yenyewe hata kama hakujanyesha, na hapa kwetu unyevu wa namna hiyo ni wa kila siku. Kutu ikiota hujaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi inainuka ikafanya lengelenge.

Hatua ya 1: Osha chini

Inua gari, weka magogo (jeki peke yake usiiamini), piga maji ndani ya madigadi na kwenye chesisi mpaka mchanga mweupe uishe. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na ukioshea hayo unairudishia gari kile kile unachokitoa.

Hatua ya 2: Zibua matundu ya maji

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo siku nzima inapokwenda. Gari imeumbwa ikijua kwamba maji yataingia. Yanapita kwenye mpira wa kioo, yanashuka ndani ya mlango, yanatokea kwenye vitundu vya chini. Vitundu vikiziba, mlango unakuwa ndoo.

Anza na milango. Inama utizame ukingo wa chini kabisa, utaona vitundu virefu vyembamba. Vizibue kwa ujiti wa chelewa. Msumari na bisbisi siwapi ruhusa, vinakwangua rangi pale pale unapotaka ibaki. Kisha mimina kikombe cha maji kwenye kioo kwa nje, uhakikishe yanatoka chini. Yakitokea ndani ya gari badala ya chini, basi ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango imechanika au fundi wa redio aliing'oa asiirudishe. Ibandike upya kabla ya jambo jengine lolote.

Nenda mbele, chini ya waipa. Ukiegesha chini ya mkungu, majani yake yanajaa humo na kuoza, na maji yanatafuta njia ya kuingilia miguuni kwa abiria. Lakini kapeti ikiwa imerowa miguuni na hakujanyesha, tizama kwanza mpira wa kutolea maji ya eyasi (kiyoyozi), mara nyingi umeziba.

Sasa kapeti yenyewe. Usiipapase juu ukasema kavu. Chini yake kuna sponji, na sponji inakaa na maji hata mwezi. Ng'oa plastiki za vizingiti, funua, bonyeza kwa ngumi. Kama maji yanatoka, kapeti yote itoke nje ikaanikwe. Wakati wa kaskazi jua linatosha. Wakati wa masika tumia feni, wala usiirudishe kwa kuchoka kusubiri. Fungua na buti, toa tairi la akiba: gasketi za taa za nyuma zikichoka, maji hukusanyika pale.

Kuna mafundi wanaoziba matundu haya kwa silikoni "ili maji yasiingie". Ukikuta silikoni hiyo, itoe yote.

Hatua ya 3: Gonga

Gonga vizingiti na madigadi kwa mpini wa bisbisi. Bati zima linalia, bovu linatoa sauti ya kufa. Paipu za breki zikiwa zimemenyeka magamba, zibadilishe kwanza. Rangi itasubiri.

Hatua ya 4: Sugua na upake

Msasa namba 80, halafu 180, kwa mkono. Brashi ya waya ya kwenye grinda siipendi, mara nyingi inaing'arisha kutu ukadhani imetoka. Ukifika kwenye chuma cheupe, futa kwa thina na upige praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Praima ya kijivu ya kawaida inanyonya maji. Ukiiacha bila rangi juu, umepoteza pesa. Dawa ya kugeuza kutu itumie tu kwenye vishimo usivyovifikia kwa msasa, na usome kopo la praima yako, kwani epoksi nyengine hazishiki juu ya dawa yenye asidi.

Palipotoboka, kata mpaka ufike bati zima, uchomee kiraka. Pati juu ya tundu hainitoshi hata kidogo: inanyonya maji kwa nyuma na baada ya masika moja inadondoka.

Hatua ya 5: Nta ndani ya vizingiti

Pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yenye vizibo vya mpira, kukiwa kukavu kabisa, kisha zibua tena vile vitundu vya kutolea maji. Lami sipaki juu ya bati lenye kutu, inafungia unyevu ndani. Oili chafu ya injini pia sipaki: inaharibu mipira na rangi haitashika tena.

Anayebeba mwani au samaki aweke turubai zima sakafuni, likunjwe kingo juu, na asuuze kila jioni. Hatua ya 2 irudiwe masika yakiisha na vuli ikiisha.