Mambo ya kuzingatia kabla programu yako ya C haijaenda kuishi mbali nawe

Nawaandikia vijana mnaotengeneza programu kwa lugha ya C kwa ajili ya mizani, pampu na majokofu ya maziwa yanayokaa huko Rungwe, Makete au Mufindi. Huko wewe hupo, na anayesoma ujumbe wa kosa ni karani mwenye simu ya batani. Programu ikiwa mezani kwako Mbeya mjini, ujumbe mbovu haukuumizi, maana unafungua msimbo na kuona mwenyewe. Ikishahamia kilomita 70 kutoka hapo na mvua inanyesha, huna macho mengine zaidi ya ule mstari mmoja anaokusomea mtu kwenye simu.

Kwanza kabisa, angalia jibu la kila ombi unalopeleka kwa kerneli, moyo wa mfumo endeshi. `open`, `read`, `write`, `close`, `fork`, yote. Hili sielezi zaidi. Ambaye bado haangalii aache kusoma hapa, akarekebishe, kisha arudi.

Halafu `errno`, mahali inapowekwa namba ya kosa, isome baada ya kujua kwamba ombi limeshindikana, si kabla. Ombi likifanikiwa hakuna anayeirudisha `errno` kwenye sifuri. Namba ya kosa la mistari 200 iliyopita inabaki imekaa humo. Nimeona mtu akiandika `if (errno != 0)` baada ya `read` iliyosoma vizuri kabisa, kisha analalamika kwamba kompyuta ina mashetani. Jibu likiwa -1 ndipo uulize kwa nini. Wachache wana desturi zao: `strtol` na `getpriority` zinaweza kutoa jibu halali linalofanana na kosa, kwa hiyo weka `errno = 0` wewe mwenyewe kabla ya kuziita. Ukoo wa `pthread_`, wa nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja), nao hautumii `errno`. Unakupa namba ya kosa mkononi kama jibu lenyewe.

Usichapishe namba tupu. Kosa namba 11 kwenye Linux ni `EAGAIN`, yaani jaribu tena baadaye. Kwenye macOS, 11 ni `EDEADLK`, kitu kingine kabisa, na `EAGAIN` iko kwenye 35. Chapisha maelezo ya `strerror`, na kama glibc yako (maktaba ya C ya GNU) ni 2.32 au mpya zaidi, ongeza `strerrorname_np`, inayokupa jina lenyewe kama `EACCES`. Jina ni fupi, na karani analisoma kwa simu herufi kwa herufi bila kuchoka.

Sema pia ulikuwa unafanya nini na kwa faili lipi. `perror("open")` inatoa "open: No such file or directory". Sawa, halipo, lakini lipi? Programu inafungua mafaili sita. Andika njia nzima kuanzia mzizi, kwa sababu cron, inayoanzisha programu yenyewe bila wewe, haiianzishi programu kwenye folda uliyozoea kusimama wewe, na `data/maziwa.csv` ya kwako siyo `data/maziwa.csv` yake. Ogopa pia `ENOENT`, jina la kosa hilo la "halipo", inayotoka kwa `execve`, ombi la kuendesha programu. Faili unaliona liko pale, unaliorodhesha, unaligusa, bado unaambiwa halipo. Kisichokuwepo ni yule mkalimani, programu ya kuiendesha skripti, aliyetajwa kwenye mstari wa kwanza wa skripti. Mara nyingi skripti iliandikwa kwenye Windows, ikabeba herufi ya `\r` isiyoonekana mwishoni mwa mstari huo.

Sasa hili lililonila nauli.

Nilikuwa na programu kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, upande wa Rungwe. Inasoma uzito kutoka kwenye mizani kwa waya, inaandika kwenye faili la mwezi. Inaanzishwa na cron kompyuta inapowaka, na makosa yote yanaelekezwa kwenye faili la logi. Asubuhi moja, saa moja kasoro, simu ikaita.

"Shikamoo kaka. Mizani imegoma."

"Marahaba. Logi inasemaje?"

Akaanza kunisomea. "Kosa, nukta mbili. Inapropriate... halafu i, o, c, t, l. Halafu fo divaisi."

`Inappropriate ioctl for device`. Nikajitafsiria haraka haraka: kifaa hakielewani na kompyuta. Kifaa gani zaidi ya mizani? Nikapita Mwanjelwa nikanunua waya mpya na kile kidude cha kugeuza USB kuwa siriali, nikapanda gari Uyole, nikashuka, nikatembea kwenye tope hadi kituoni. Kina mama walikuwa wamepanga ndoo zao ukutani na karani anaandika lita kwenye daftari. Bibi mmoja akaniamkua kwa Kinyakyusa, akaniambia mizani ya zamani ya mawe haikuwa na maneno mengi. Nilicheka kwa adabu tu.

Nikabadilisha waya. Nikaiendesha programu kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa kompyuta, ikakubali. Nikapiga picha, nikaaga, nikarudi mjini. Usiku umeme ukakatika, asubuhi kompyuta ikawaka upya, simu ikaita tena. Maneno yale yale.

Safari ya pili ndiyo niliyotumia akili. Kwa mkono inakubali, ikijiendesha yenyewe inakataa. Waya haujui nani kaianzisha programu. Nikaweka `strace -o`, inayoandika kwenye faili kila ombi la programu kwa kerneli, kwenye mstari wa cron, nikazima na kuwasha. Haya ndiyo niliyoyakuta, yamefuatana:

`openat(AT_FDCWD, "/home/mizani/data/maziwa-04.csv", O_WRONLY|O_CREAT|O_APPEND, 0644) = -1 EACCES (Permission denied)`

na mara tu chini yake:

`ioctl(2, TCGETS, ...) = -1 ENOTTY (Inappropriate ioctl for device)`

Mizani haikuwa na kosa lolote. Tarehe mosi, baada ya umeme kurudi, kijana wa pale alikuwa ameianzisha programu kwa `sudo`, ikaunda faili la mwezi likiwa mali ya root. Tangu siku ile mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kuliandika. Ndiyo maana hata mimi kwa `sudo` nilifanikiwa, nikajidanganya kuwa ni waya. Dawa yake ilikuwa amri moja ya `chown`, ya kubadilisha mwenye faili, ambayo yule karani angeiandika nikimsomea kwenye simu.

Na ule ujumbe wa kifaa ulitoka wapi? Ulitoka kwangu. Kitendakazi changu cha kuripoti makosa kilikuwa na urembo: kinaita `isatty` kuuliza kama kinaandika kwenye skrini, ili kipake neno "kosa" rangi nyekundu. Kwenye kompyuta yangu jibu lilikuwa ndiyo, na `errno` haikuguswa, kwa hiyo ujumbe ulikuwa sahihi kila nilipojaribu. Kule kituoni maandishi yalikuwa yanakwenda kwenye faili. `isatty` ikajibu hapana, na pamoja na hapana hiyo ikaweka `ENOTTY` juu ya `EACCES` yangu. Nikachapisha sababu ya rangi badala ya sababu ya faili. Tena jina hilo asili yake ni mashine ya chapa. Mifumo ya zamani ya Unix iliandika "Not a typewriter". Kwa ajili ya mashine ya chapa nimekanyaga tope mara mbili.

Kwa hiyo ombi likishindikana tu, kabla ya kupumua, ichukue:

`int kosa = errno;`
`paka_rangi_kama_ni_skrini();`
`fprintf(stderr, "kufungua %s: %s\n", njia, strerror(kosa));`

Hakuna kitu katikati ya `open` na mstari ule wa kwanza. Si `printf`, si `close`, si kuandika saa. Na kitendakazi chako cha logi kikianza kihifadhi `errno`, kikimaliza kiirudishe kama kilivyoikuta, ili aliyekiita asipotezewe ushahidi. Vivyo hivyo kwa kitendakazi kinachopokea ishara (signal) za mfumo: kinaweza kuingia katikati ya mistari miwili yako na kuondoka kimeibadilisha.

Mengine nayapitia mbio. `EINTR` si kifo. Ombi limekatishwa na ishara, lirudie. Isipokuwa `close`: kwenye Linux usiirudie, namba ile ya faili imeshaachiwa na huenda uzi mwingine umeshaichukua. `write` ikiandika pungufu ya ulichoomba hilo si kosa, na `errno` haina la kukuambia, andika kilichobaki. Jibu la `close` na `fclose` liangaliwe pia, kwa sababu kuna diski za mtandaoni zinazokuambia nafasi imeisha pale unapofunga. Kwenye programu ya nyuzi nyingi, `errno` ni ya kila uzi peke yake, usiogope. `strerror_r` ndiyo ya kuogopa: ziko mbili, moja inarudisha namba, ya GNU inarudisha maandishi na huenda isiguse kabisa nafasi uliyoipa. Soma mwongozo wa mashine unayoipelekea, si wa mashine yako.

Kabla hujaondoka, yafanye makosa yatokee ukiwepo. Iendeshe programu kama cron itakavyoiendesha, maandishi yakienda kwenye faili, si mbele ya macho yako. Ondoa ruhusa za faili kwa `chmod 000`, lakini usijaribu ukiwa root, maana root hazuiliwi na ruhusa hizo na utaona mambo mazuri ya uongo. Ielekeze iandike kwenye `/dev/full`, ambayo kila ukiiandikia inajibu `ENOSPC`. Utajua kama programu yako inasema diski imejaa au inanyamaza. Chomoa waya wa mizani katikati ya kupima. Kisha mwite mtu asiyejua C, hata mpwa wako, akusomee ujumbe kwa simu akiwa chumba cha pili, uone kama unaelewa tatizo ni nini.

Andika toleo la programu kwenye mstari wa kwanza wa logi. Hakikisha saa ya kompyuta iko sawa, maana umeme ukikatika nyingine hurudi kwenye tarehe za ajabu. Ulizia nani kituoni ana nywila ya `sudo`, na kwa nini anayo. Acha waya wa akiba, hata kama safari hii si waya. Simu iwe na chaji. Na mabuti, kutoka lami hadi kituoni hakuna mtu atakayekubeba.